Milango ya Fahamu katika Kipali: Tatizo la Istilahi

Miongoni mwa rasimu za tafsiri zilizopata kupita mezani petu ilikuwamo moja iliyohusu mafundisho ya awali ya Buddha, iliyokusudiwa kuwasaidia walimu wa dini na falsafa. Mfasiri aliifanya kazi yake kwa bidii, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Lakini katika ukurasa mmoja tulikwama. Hapo palielezwa mfuatano wa sababu ambao kwao mateso ya mwanadamu huzaliwa, nasi tukasoma kwamba hisia ndizo sababu ya mgusano, mgusano ndio sababu ya hisia, na hisia ndizo sababu ya tamaa. Mnyororo uliokusudiwa kwenda mbele ulikuwa umejipinda ukawa duara, na msomaji asiyeijua asili yake angedhani kwamba mwalimu huyo mkubwa alikuwa akizunguka mahali pamoja kama ngamia wa kinu cha ufuta.

Katika Kipali maneno hayo ni matatu, tena yako mbalimbali kabisa: 'salayatana' huzaa 'phassa', na 'phassa' huzaa 'vedana'. La kwanza na la tatu yote mawili yalikuwa yameangukia neno 'hisia'. Nasi hatumlaumu sana mfasiri, maana neno hili limekuwa kapu la kila kitu. Mtu huwa na hisia mwilini, huumizwa hisia zake moyoni, na akibahatisha jambo husema ana hisia kwamba liko hivi au vile. Neno la namna hiyo lafaa sana barazani. Katika istilahi halina budi kwanza kupunguziwa mzigo.

Kabla ya kuendelea, maneno machache juu ya lugha yenyewe. Kipali ni lugha ya maandiko matakatifu ya Wabudha wa madhehebu ya Theravada, ambao wako hasa Sri Lanka, Myanmar, Thailand, Kambodia na Laos. Hakina hati yake maalumu. Andiko lile lile huandikwa kwa hati ya Kisinhala, ya Kiburma, ya Kithai na nyinginezo. Kwa herufi za Kirumi maandiko hayo yametolewa zaidi na chama cha Pali Text Society, kilichoundwa na T. W. Rhys Davids mwaka 1881, na kamusi yake mashuhuri, aliyoitunga pamoja na William Stede, ilitoka kwa sehemu kati ya mwaka 1921 na 1925. Nukta na vistari vinavyowekwa juu na chini ya herufi tumeviacha ili kumrahisishia msomaji.

Tuanze na lile lililo jepesi. Kipali kina neno 'dvara', yaani mlango, na hulitumia kwa macho, masikio, pua, ulimi, mwili na akili. Mtawa mwema husifiwa kuwa ni mtu anayelinda milango yake. Hapa Kiswahili hakihitaji kukopa wala kuunda, kwa sababu watoto wetu shuleni tangu zamani hufundishwa 'milango ya fahamu'. Ni jambo la nadra kwa lugha mbili zilizo mbali namna hii kukutana katika tashbihi moja, na mfasiri atakayeuacha mlango huu wazi akaenda kutafuta dirisha atakuwa amejidhulumu. Tena neno 'fahamu' lenyewe linafaa kuliko tulivyotazamia. Tunaposema mgonjwa amepoteza fahamu, tunataja kitu kilicho karibu sana na kile ambacho Kipali hukiita 'vinnana', yaani ule utambuzi unaozuka jicho linapokutana na kinachoonekana. Katika mkusanyo uitwao Samyutta Nikaya umo mfano wa mji wa mpakani wenye malango sita. Mji ni mwili, malango ni milango hiyo sita, bawabu ni uangalifu, na bwana wa mji aketiye katikati, penye njia panda, ndiye 'vinnana'. Kwa hiyo kusema 'milango ya fahamu' ni kusema karibu yale yale yasemwayo na mfano huo.

Tofauti ni ya hesabu. Sisi tumezoea mitano, Kipali kina sita, na wa sita ni 'mano', ambao vitu vyake ni mawazo, kumbukumbu na yote yapitayo kichwani. Tunaonelea 'akili' itoshe kwa 'mano', na neno 'moyo' liwekewe 'citta', ambalo ni pana zaidi na hubeba pia hali za furaha na majonzi. Mfasiri asiogope kuandika 'milango sita ya fahamu'. Mwanafunzi atashtuka, naye akishtuka atauliza.

Mlango wa tano nao unahitaji hadhari. Rasimu ile iliandika 'ngozi', kwa kufuata vitabu vya sayansi vya shule. Neno la Kipali ni 'kaya', nalo maana yake ni mwili mzima. Maumivu ya tumbo hayamo katika ngozi. Iandikwe 'mwili'.

Sasa tuje kwenye neno 'indriya', ambalo wengi hulifasiri bila kusita kuwa ni hisi au kiungo cha hisi. Asili yake ni jina la Indra, mungu aliyehesabiwa kuwa mfalme wa miungu, na maana yake ya mwanzo ni kile kilicho cha Indra, chenye nguvu na utawala. Jicho ni 'indriya' kwa sababu ndilo linalotawala katika kuona: likiwa zima, kuona huwa kuzima, likififia, kuona hufifia. Ndiyo maana orodha za 'indriya' haziishii kwenye macho na masikio. Imani pia ni 'indriya', na kadhalika juhudi, uangalifu, utulivu wa moyo na hekima. Aliyeandika 'hisi' kwa jicho ataandika nini akifika kwenye imani? Tulifikiria 'nguvu', lakini neno hilo yafaa liwekewe 'bala', kwa kuwa mambo hayo hayo matano, kuanzia imani hadi hekima, mahali pengine huhesabiwa kwa jina hilo. Basi twapendekeza 'uwezo': uwezo wa kuona, uwezo wa imani. Tunakiri kwamba utawala wa Indra unapotea hapa, na kwamba 'uwezo' halina wingi wa kuridhisha. Mfasiri atalazimika kusema 'uwezo wa namna sita'. Hasara hizo ni ndogo kuliko ile tunayoieleza sasa.

Katika mkusanyo wa Majjhima Nikaya yapo mazungumzo baina ya Buddha na kijana mmoja aitwaye Uttara, mwanafunzi wa Mbrahmini Parasariya. Buddha alimwuliza jinsi mwalimu wake anavyofundisha 'indriyabhavana'. Kijana akajibu kwamba mtu hatazami maumbo kwa macho wala hasikilizi sauti kwa masikio. Jibu la Buddha lilikuwa kali na jepesi: ikiwa ni hivyo, basi kipofu na kiziwi wamekwisha kufuzu. Uttara alinyamaza, ameinamisha kichwa. Rasimu tuliyoisoma ilikifasiri kichwa cha mazungumzo haya kuwa 'Kuzima Hisia'. Yaani fundisho lililokataliwa na Buddha ndilo alilopachikwa yeye mwenyewe! Sehemu ya pili ya neno hilo, 'bhavana', ni kufanya kitu kiwe, kukikuza, kukilea. 'Kukuza Uwezo' kungeokoa maana yote, na mwalimu asingesimama mbele ya darasa akasema kwamba Wabudha wanayachukia macho yao.

Limebaki 'ayatana', ambalo ndilo lililo ndani ya 'salayatana', yaani 'ayatana' sita. Hapa 'mlango wa fahamu' hautoshi, kwa sababu 'ayatana' ni za ndani na za nje. Jicho ni la ndani na maumbo ni ya nje. Sikio ni la ndani na sauti ni za nje. Vivyo hivyo hadi akili na mawazo yake. Sauti haiwezi kuitwa mlango. Mfafanuzi mkuu Buddhaghosa, aliyeandika huko Sri Lanka katika karne ya 5, alilieleza neno hili kwa maana kadhaa: mahali pa kukaa, machimbo ya madini, mahali pa kukutania, mahali pa kuzaliwa, na sababu. Tulipoisoma orodha hiyo tulikumbuka neno letu 'chimbuko'. Limo ndani yake kuchimba, kuzuka na kuwa asili ya jambo. Maana tatu kati ya tano zimepatikana kwa neno moja lililo hai. Twapendekeza basi 'machimbuko sita ya ndani' na 'machimbuko sita ya nje'. Mnyororo wa mwanzo utasomeka hivi: kwa machimbuko sita huja mgusano, na kwa mgusano huja 'vedana'.

Sarufi nayo ina la kusema. Maandiko hayasemi kwa kawaida kwamba jicho limeona. Husema 'cakkhuna rupam disva', na kiambishi '-na' katika neno la kwanza ni cha ala: mtu ameona umbo kwa jicho. Kiswahili kinalo hilo 'kwa' tayari, nalo lisitupwe kwa kutaka ufupi. Yapo mazungumzo mengine ambamo Sariputta anamweleza mwenzake Kotthita mfano wa ng'ombe mweusi na ng'ombe mweupe waliofungwa pamoja kwa kamba moja: mweusi hakumfunga mweupe, wala mweupe hakumfunga mweusi, kilichowafunga ni kamba. Jicho halikufungwa na maumbo, wala maumbo hayakufungwa na jicho. Kamba ni tamaa inayozuka kati yao. Mfasiri anayelifanya jicho kuwa mtenda kila mahali humtwika ng'ombe kosa la kamba.

Kuhusu 'vedana' hatujakubaliana. Maana yake ni ile ladha ya kwanza ya jambo lolote linalotufikia: raha, karaha, au isiyo raha wala karaha. Hasira na mapenzi hayamo. Hayo huja baadaye. Baadhi yetu wanataka 'hisia' libakishwe hapa, na hapa tu, likipewa maelezo. Wengine wanapendelea 'mwonjo', kwa hoja kwamba wafafanuzi wa kale waliifananisha 'vedana' na mfalme anayekila chakula kilichoandaliwa na mpishi, na kwamba Waswahili husema kuonja dhiki na kuonja mauti bila ulimi kuhusika. Wanaolipinga 'mwonjo' wanahofia kuwa litachanganywa na ladha ya ulimi, ambayo ina istilahi yake, 'rasa'. Walimu na wafasiri watakaoyajaribu maneno haya mawili katika sentensi zao watuletee sentensi hizo, hasa zile zilizokataa kusimama.