Mbona Darasa Kimya?

Saa mbili na nusu za usiku. Mwalimu ameketi mbele ya kompyuta yake, na kwenye kioo yamejipanga majina 27 ya wanafunzi, kila jina ndani ya mraba mweusi kwa kuwa kamera zote zimezimwa. Anauliza swali. Kimya. Anauliza tena, kisha anasema, "Jamani, mnanisikia?" Sauti moja inajibu, "Tunakusikia, Mwalimu," na kimya kinarudi kama kilivyokuwa.

Mwalimu huyo ni mwandishi wa makala haya. Mwaka 2021 nilipewa kazi ya kufundisha utunzaji wa hesabu, kwa njia ya intaneti, kwa watu wazima waliokuwa wakijiendeleza baada ya kazi: makarani, watunza stoo, na kina mama wenye biashara ndogo ndogo. Baada ya majuma matatu nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba nusu yao ni wavivu. Mmoja hasa, mama mwenye genge la mboga, hakuwa amefungua kinywa hata mara moja, nami nilikuwa karibu kupendekeza jina lake liondolewe ili nafasi apewe mwingine.

Masomo ya namna hii yaliingia kwa kishindo katika nyumba nyingi mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Hapa Tanzania zilifungwa katikati ya mwezi Machi na kufunguliwa kwa awamu mwezi Juni. Wenzetu wa Uganda walingoja hadi Januari 2022 ndipo shule zao zote zikafunguliwa. Korona ilipopungua, masomo ya mtandao hayakuondoka pamoja nayo. Leo baba arudiye kutoka kiwandani na binti yake wa sekondari huweza kugombea simu moja jioni moja, kila mmoja ana kipindi chake.

Nilipolalamika kwa mwalimu mwenzangu, alinishauri niwagawe wanafunzi kwa tabia zao za kujifunza. Wako, alisema, wa macho, wa masikio, wa kusoma na kuandika, na wa mikono. Mgawanyo huo wa sehemu nne ulienezwa na Neil Fleming wa New Zealand, aliyeandika juu yake pamoja na Colleen Mills mwaka 1992, na tangu hapo umesafiri dunia nzima. Unapendeza kwa sababu unafanana na mambo tunayoyaona. Nani asiyemjua fundi asiyeweza kusoma maelezo ya mashine lakini huifungua na kuifunga gizani?

Hata hivyo, mwaka 2008 wataalamu wanne wa saikolojia wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, waliuchunguza ushahidi uliokuwapo. Walikubali kwamba watu hupenda njia mbalimbali za kujifunza. Lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mtu akifundishwa kwa njia aipendayo tu, ataelewa zaidi. Jambo hili lawahusu wazazi pia. Mtoto aambiwaye kila siku kwamba "wewe si wa vitabu, wewe ni wa mikono" hulichukua neno hilo kama ruhusa ya kuviacha vitabu, na mara nyingi msemaji hakukusudia hivyo.

Je, basi mwalimu azungumze tu mpaka kipindi kiishe? La hasha. Somo lenyewe ndilo linalodai njia zake. Ramani hutaka macho, matamshi ya lugha hutaka sikio, ushonaji hutaka mikono. Wala hakuna aliyewahi kujua kushona kwa kuhadithiwa. Tena maneno yakiambatana na mchoro unaohusika, karibu kila mwanafunzi hunufaika, awe wa macho au wa masikio.

Jambo hili si geni kwetu. Wasomaji wenye umri watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni 2. Hiyo nayo ilikuwa elimu ya mbali, mtambo wake ukiwa redio. Watu walikusanyika katika vikundi wakasikiliza kipindi. Kikundi kilikuwa na kijitabu chenye maelezo na picha. Palikuwa na kiongozi aliyeandaliwa, ambaye kazi yake haikuwa kuhutubia bali kuwafanya watu wajadili. Kisha walishika majembe wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Sikio, jicho, kinywa na mkono vyote vilipata kazi, na hakuna aliyetengwa akaambiwa yeye ni mtu wa aina fulani. Mzee asiyejua kusoma alikuwa na la kusema, na kijana mwenye haya alikuwa na shimo la kuchimba. Nakiri kwamba nilikuwa nimesahau hayo yote, nikadhani intaneti ni kitu kisicho na babu.

Turudi kwenye kile kimya. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde moja tu. Walipojizuia wakangoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Hayo yalikuwa madarasa ya ana kwa ana. Kwenye mtandao, sauti yenyewe huchelewa njiani, na mwanafunzi hana budi kutafuta kitufe cha kipaza sauti kwanza. Mimi nilikuwa nikijijibu mwenyewe kabla swali halijawafikia.

Na zile kamera? Mwaka 2021 Frank Castelli na Mark Sarvary wa Chuo Kikuu cha Cornell walitangaza walichoambiwa na wanafunzi wao: wengi waliona haya juu ya sura zao, na wengine hawakutaka watu waone walio nyuma yao au mahali wanapoishi. Ikiwa ni hivyo huko, sembuse kwa mpangaji wa chumba kimoja, ambaye nyuma yake pamening'inia chandarua na nguo za familia? Isitoshe, picha za video hula bando upesi kuliko sauti au maandishi.

Niliacha kudai kamera. Niliomba kila mmoja ajibu kwa njia aiwezayo: kusema, kuandika, kurekodi sauti na kuituma baadaye, au kupiga picha ya kazi aliyoifanya kwenye karatasi. Usiku huohuo yule mama wa genge akaniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Samahani sana, watoto wamelala hapa hapa, siwezi kusema." Majuma matatu, na sababu ilikuwa hiyo.

Juma lililofuata alituma picha ya ukurasa wa daftari lake la madeni. Palikuwa na safu ya majina ya wateja, safu ya vitu walivyokopa, safu ya fedha, na alama ya msalaba kwa kila aliyelipa. Nikaiweka kwenye kioo, baada ya kumwomba ruhusa na kuyafunika majina, nikauliza jumla ya wanaodaiwa ni kiasi gani. Nikangoja. Majibu yakaanza kuandikwa, yakapingana. Mtunza stoo mmoja akafungua kipaza sauti kusema kwamba hesabu haikai, mwingine akambishia.

Ndipo iliposikika sauti ya mwanamke, ya kunong'ona, ambayo hatukuwa tumeisikia kabla. "Huyo wa tatu alilipa nusu, Mwalimu. Ndiyo maana nimekata mstari mmoja, si miwili."