Fahamu: Popo wa Pemba ni nani, na kwa nini alindwe?

Magharibi ikiingia, popo huiacha miti ya Makoongwe, kisiwa kinachotazamana na mji wa Mkoani, Pemba, kwenda kutafuta maembe na mashelisheli. Asubuhi utaona chini ya miti makapi waliyoyafyonza wakayatema. Uso wa popo huyu ni kama wa mbweha. Mbawa zikikunjuliwa hupita mita moja na nusu. Hapatikani kwingine duniani ila Pemba.

Bunduki na ukataji wa misitu nusura vimmalize. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, basi pengo halizibiki upesi. Mwaka 1996 aliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Wanavijiji, wakiwemo wa Kidike, wakasimama kumlinda, idadi ikapanda. Lakini mkuyu ukikatwa leo, popo hukosa pa kulala, na msitu hukosa mpanzi wa mbegu zake.