Figo Zinapoumizwa na Sepsisi: Vipimo vya Damu Vinatuambia Nini?

Wengi wetu tumewahi kupokea habari za ndugu aliyelazwa kwa homa ya mapafu, au za mama aliyetoka kujifungua, na baada ya siku chache tukaambiwa kwamba figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Ndipo huzuka swali: ikiwa ugonjwa ulianzia kwenye mapafu au kwenye kizazi, figo zimeingiaje?

Jibu lake ni sepsisi. Tangu mwaka 2016 wataalamu wanaieleza kuwa ni hali ya hatari ambapo mwili, katika kupambana na maambukizi, hupoteza kiasi na kuanza kuviumiza viungo vyake wenyewe. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020, watu wapatao milioni 48.9 duniani walipatwa na hali hiyo mwaka 2017, na milioni 11 kati yao walifariki dunia.

Vijidudu vinapoingia mwilini, seli nyeupe za damu hutoa kemikali ziitwazo saitokini, ambazo huamsha mwako, yaani lile joto, wekundu na uvimbe tunaouona hata kwenye kidonda. Figo hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Kwa hiyo kemikali hizo huzifikia kwa wingi, zikaumiza mishipa midogo na seli za kuchuja mkojo. Zamani ilidhaniwa kwamba figo huumia kwa kukosa damu tu. Leo inajulikana kwamba zaweza kuumia hata damu ikifika ya kutosha.

Mwako huo huacha alama katika damu. Ya kwanza ni protini ya CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930 kwa wagonjwa wa homa ya mapafu. Hutengenezwa na ini, huanza kupanda baada ya saa chache na kufikia kilele baada ya siku mbili hivi. Ya pili ni prokalsitonini, ambayo hupanda mapema zaidi, hasa maambukizi yanapotokana na bakteria. Hata hivyo, zote mbili hueleza ukubwa wa mwako tu. Hazitaji kiungo kilichoumia. Tena prokalsitonini yaweza kupanda kwa sababu figo zenyewe zimedhoofu.

Kwa upande wa figo, kipimo kilichozoeleka ni kreatinini, taka itokanayo na misuli. Udhaifu wake ni kuchelewa: figo zaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla kipimo hicho hakijavuka kiwango cha kawaida. Kipimo kipya zaidi, NGAL, hupanda ndani ya saa chache tangu figo ziumie; lakini seli nyeupe nazo huitoa wakati wa maambukizi, hivyo katika sepsisi haitoshi peke yake. Ndiyo maana daktari huagiza vipimo kadhaa na kuvirudia, akilinganisha cha jana na cha leo.

Ipo alama nyingine isiyohitaji maabara, nayo ni mkojo. Mtu mzima mwenye kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, yaani kama vijiko viwili vikubwa, kwa muda wa saa sita, figo zake huhesabiwa kuwa zimeumia.

Basi, sisi tunaotembelea wagonjwa katika jumuiya zetu tusione haya kuuliza: je, amepata mkojo leo? Mwenye maambukizi akipungukiwa mkojo, akachanganyikiwa, akahema haraka au akapoa mikono na miguu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Tusimpe diklofenaki wala ibuprofeni kwa kujiamulia, kwa kuwa dawa hizo huzidi kuzielemea figo. Figo zilizowahiwa mara nyingi hupona. Zilizocheleweshwa zaweza kumfunga mgonjwa kwenye mashine ya kusafisha damu, au kumgharimu uhai.