Kuchagua Matairi ya Gari: Bei Nafuu au Jina Kubwa?

Gari huigusa ardhi mahali panne tu, na kila mahali pana ukubwa upatao kiganja cha mtu mzima. Juu ya viganja hivyo vinne hukaa injini, baba, mama, watoto, na mizigo ya kupeleka kijijini wakati wa likizo. Breki hata ziwe kali namna gani, kazi yake ni kuyazuia magurudumu yasizunguke. Lakini kinacholisimamisha gari lenyewe ni tairi linaposhika barabara. Ndiyo sababu ununuzi wa matairi haufai kufanywa kwa haraka mwisho wa mwezi, kama anunuavyo mtu kiberiti.

Kila mwenye gari la nyumbani analijua tatizo hili. Matairi yamekuwa kipara, mshahara umekwisha gawanywa baina ya ada ya shule na chakula, na likizo inakaribia. Dukani anakuta mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la matairi mapya yenye majina makubwa. La pili ni mapya pia, lakini majina yake ni mageni na bei huenda ikawa nusu ya yale ya kwanza. La tatu ni matairi ya mtumba kutoka ng'ambo, ambayo bei yake ni ndogo kuliko yote. Mwuzaji anapiga ubavu wa tairi kuukuu kwa kiganja na kusema, “Afande, hili ni jina kubwa, limetembea Ulaya kwenye lami tupu. Utalikuta wapi tena kwa bei hii?” Mke akiwa karibu huuliza swali lililo bora zaidi: “Baba Fulani, litatufikisha na kuturudisha?”

Zamani na Sasa

Zamani uchaguzi ulikuwa mwepesi. Afrika Mashariki ilikuwa na viwanda vyake: General Tyre mjini Arusha, na Firestone mjini Nairobi, ambacho baadaye kiliingia mikononi mwa Sameer na kutoa matairi ya Yana. Kiwanda cha Arusha kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na kile cha Nairobi kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Matairi mengi tunayoyaona hapa Uganda leo hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, yakitoka China, India, Japani, Thailand, Ulaya na kwingineko. Majina ni mengi mno, hata mtu hawezi tena kutegemea kumbukumbu ya baba yake. Imempasa ajifunze kulisoma tairi lenyewe.

Fedha ya Ziada Hununua Nini?

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Tairi si mpira mtupu. Ndani yake mna nyuzi, waya za chuma, na mchanganyiko wa mpira na dawa mbalimbali. Fundi wa kiwandani hupambana na mambo mawili yanayogombana: mpira laini hushika vizuri barabara yenye maji lakini huisha upesi, na mpira mgumu hudumu lakini huteleza. Kuyapatanisha mambo hayo mawili katika tairi moja kunahitaji wataalamu, maabara na majaribio ya miaka mingi. Makampuni kama Michelin ya Ufaransa, Bridgestone ya Japani, Continental ya Ujerumani na Goodyear ya Marekani hutumia fedha nyingi kwa kazi hiyo, na mnunuzi huilipia.

Faida ya malipo hayo huonekana zaidi wakati wa mvua. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, hupima matairi ya namna nyingi kila mwaka, na mara nyingi tofauti kubwa baina ya tairi bora na tairi hafifu hujitokeza pale breki zinapofungwa juu ya lami iliyolowa. Na sisi mvua tunazo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Anayeshuka kutoka Kabale, au anayepita msitu wa Mabira mwezi wa Aprili, akakuta mtoto au ng'ombe barabarani, mita chache tu ndizo zinazotenga kunusurika na msiba.

Hata hivyo si haki kusema kila tairi la bei nafuu ni baya. Tairi lenye alama ya herufi E na tarakimu ndani ya duara limepita vipimo vya chini vilivyowekwa na kanuni za Umoja wa Mataifa. Tena ipo njia ya katikati ambayo wengi hawaijui. Makampuni makubwa humiliki pia majina mengine ambayo kwa kawaida bei yake ni nafuu zaidi. Bridgestone iliinunua Firestone mwaka 1988, na Continental iliinunua General Tire ya Marekani mwaka 1987. Mnunuzi mwenye fedha za wastani hufanya vyema kuuliza kwanza matairi ya daraja hilo.

Hesabu ya Mfukoni

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tairi la kwanza ni la Sh. 200,000 nalo hudumu kilomita 25,000. Kila kilomita moja imegharimu Sh. 8. Tairi la pili ni la Sh. 360,000 nalo hudumu kilomita 60,000. Kilomita moja imegharimu Sh. 6. Kwa mtu asafiriye sana, tairi lililoonekana ghali ndilo nafuu.

Lakini ofisa ambaye gari lake hukaa kambini siku tano za juma, na kwa mwaka mzima halizidi kilomita 5,000, ana hesabu tofauti. Mpira huzeeka hata usipotumika. Jua na hewa huukausha na kuupasua. Wengi wa watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikia umri wa miaka sita. Katika miaka hiyo, gari lake litakuwa limekwenda kilomita 30,000 tu, na tairi lake la Sh. 360,000 litakuwa limemgharimu Sh. 12 kwa kilomita. Yeye hana haja ya kulipia uhai mrefu asioutumia. Anachohitaji kulipia ni kushika barabara wakati wa mvua, basi.

Kusoma Ubavu wa Tairi

Tuseme ubavuni pameandikwa 195/65 R15 91H. Tarakimu 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Tarakimu 65 yaonyesha kuwa kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R ni namna ya kusukwa kwa nyuzi, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tarakimu 91 ni uwezo wa kubeba: kilo 615 kwa tairi moja. H ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 210 kwa saa.

Uwezo wa kubeba ndio unaopuuzwa sana. Hiace ya abiria huhitaji tairi la kazi, kwa mfano 195 R15C 106/104, ambalo hubeba kilo 950 kila moja likitumika peke yake upande mmoja. Mwenye kuifunga tairi la gari dogo kwa sababu tu linaingia kwenye rimu, ameweka mzigo wa punda juu ya mgongo wa mbuzi. Tairi hilo litapata moto na kupasuka njiani.

Kisha tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho baada yake. Tangu mwaka 2000 hizo ndizo tarehe ya kuzaliwa. Tarakimu 2223 maana yake ni juma la 22 la mwaka 2023. Zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Usiliguse, hata kama meno yake yanang'aa.

Mtumba

Tairi kuukuu la jina kubwa halistahili tena heshima ya jina hilo. Hujui kama liliwahi kuendeshwa bila upepo, wala kama liligonga ukingo wa barabara na nyuzi zake za ndani zikakatika. Tena matairi mengine ya mtumba yalitengenezwa kwa ajili ya theluji. Ubavuni yana neno STUDLESS, au picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. Mpira wake ni laini mno kwa makusudi, na juu ya lami yetu yenye joto huisha upesi. Anayenunua gari lililotoka Japani hana budi kulitazama neno hilo kabla ya safari ya kwanza.

Fedha Zisipotosha kwa Manne

Nunua mawili yaliyo sawa kwa jina na ukubwa, na uyafunge nyuma, hata kama injini huzungusha magurudumu ya mbele. Madereva wengi hufanya kinyume. Magurudumu ya mbele yakiteleza, gari huendelea kwenda mbele na dereva aweza kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka likatazama lilikotoka, na ni madereva wachache wawezao kulirudisha. Usichanganye namna mbili za tairi katika ekseli moja.

Baada ya kununua, pima upepo asubuhi kabla gari halijapata moto, kwa kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana, hupata joto na hatimaye hupasuka, liwe la bei gani. Usilisahau la akiba. Ndani ya mifereji ya tairi mna vituta vidogo. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha mwisho katika sheria za nchi za Ulaya. Usingoje hapo msimu wa mvua ukikaribia.

Basi, ndugu msomaji, unapokwenda dukani fuata utaratibu huu: kwanza ukubwa na uwezo wa kubeba, pili umri, tatu ushikaji wa barabara yenye maji, nne urefu wa uhai kwa kadiri ya safari zako, na mwisho kabisa jina. Msafiri wa mara kwa mara anunue jina kubwa, au la daraja la pili kutoka kampuni hiyo hiyo. Asafiriye kidogo, tairi jipya la bei nafuu lenye alama ya E na tarehe ya karibuni linamtosha. Ama tairi kuukuu lisilojulikana lilikotoka, hilo halifai kwa yeyote apakiaye watoto. Chuchumaa, soma tarakimu nne, dai stakabadhi, ndipo ulipe.