Je, Mazoezi Hupunguza Haja ya Usingizi?

Katika shule za bweni husikika kauli mbili zinazopingana. Wako wanafunzi wasemao kwamba afanyaye mazoezi kila siku huwa na mwili imara, kwa hiyo usingizi wa saa chache humtosha. Wengine hushikilia kwamba ajichoshaye sharti alale zaidi. Ili kuzipima kauli hizi, yafaa kwanza tujue usingizi huletwa na nini.

Kwa mujibu wa nadharia iliyotolewa mwaka 1982 na Alexander Borbély wa Chuo Kikuu cha Zurich, mambo mawili hutawala usingizi. La kwanza ni deni linaloongezeka kadiri mtu anavyokaa macho. Seli za ubongo zinapotumia nishati, kemikali iitwayo adenosini hulimbikizana, nayo huleta uzito wa macho. Kafeini iliyomo katika kahawa huzuia kemikali hiyo isifanye kazi yake kwa muda, lakini deni lenyewe hubaki palepale. Jambo la pili ni saa ya mwili, ambayo hutofautisha mchana na usiku na kushusha jotoridi la mwili wakati wa kulala.

Je, mazoezi huongeza deni hilo? Huliongeza, lakini kwa kiasi kidogo. Mwaka 1997 Shawn Youngstedt na wenzake nchini Marekani walikusanya matokeo ya tafiti nyingi, wakaona kwamba siku ya mazoezi huongeza usingizi wa usiku kwa dakika 10 hivi tu. Badiliko lililo kubwa zaidi ni la ubora: mwenye mazoea ya mazoezi hupata usingizi upesi na hazindukizinduki usiku. Kazi ikipita kiasi, mambo huwa mengine. Mwaka 1981 Colin Shapiro na wenzake walieleza habari za wanariadha waliokimbia kilomita 92. Baada ya mbio hizo wanariadha walilala muda mrefu kuliko kawaida yao, na usingizi mzito uliongezeka. Katika usingizi huo ndimo homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi.

Mfano mwingine watoka kwetu. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi hutembea mwendo mrefu wakiwinda na kuchimba mizizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha wao, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, ulionyesha kwamba watu wazima wa jamii hizo hulala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku. Kazi nyingi za mwili, basi, hazikuwafanya walale kupita watu wa mijini.

Hata hivyo, mwanafunzi asichukue tarakimu hizo kuwa kipimo chake. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilipendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Mwanafunzi alalaye saa 5 usiku na kuamshwa saa 11 alfajiri kwa mchakamchaka hupata saa 6 tu. Kila usiku hupungukiwa na saa 2 au zaidi. Kwa siku sita deni hufika saa 12. Mchakamchaka huimarisha moyo na mapafu, lakini haulipi deni hilo. Dawa yake si kuacha kukimbia, bali kuzima taa mapema. Kadhalika, mazoezi makali yaishe angalau saa moja kabla ya kulala, ili moyo utulie na joto la mwili lishuke.

Walimu waweza kuligeuza jambo hili kuwa somo. Kwa majuma mawili kila mwanafunzi aandike saa ya kulala, saa ya kuamka, mazoezi aliyofanya, na kama alisinzia darasani. Kisha darasa lichore grafu na kuamua lenyewe ni kauli ipi kati ya zile mbili iliyo karibu na ukweli.