Ndoo ya Maji ya Kuoga na Hesabu Isiyofungika

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji 100 ya kitabuni. Tuseme ni alfajiri ya Julai, upepo unavuma, na maji ya kwenye pipa yako nyuzi 16. Lita 5 zinachemka jikoni, zinamiminwa kwenye ndoo yenye lita 15 za baridi, yote yanatulia kwenye nyuzi 36. Mtu anaoga.

Hesabu ya joto ni nyepesi. Kilo moja ya maji hutaka kilojouli 4.2 ipande nyuzi moja. Ya moto yameshuka nyuzi 60, yametoa kilojouli 1,260. Ya baridi yamepanda 20, yamepokea 1,260 zilezile. Mhasibu angefunga daftari hapo, na tangu serikali ihamie mjini, wahasibu wapo tele.

Entropia haifungiki hivyo. Rudolf Clausius, aliyeipa jina hilo mwaka 1865, alitaka joto ligawanywe kwa kelvini za pale linapotoka au linapoingia. Kelvini hizo hubadilika njia nzima, kwa hiyo tunajumlisha kidogo kidogo, na jumla inaleta logi asilia. Maji ya moto: 21 × ln(309/369), yamepoteza kilojouli 3.73 kwa kelvini. Ya baridi: 63 × ln(309/289), yamepata 4.22. Ziada ni 0.49, na haikutoka kwa yeyote. (Ukitumia Selsiasi ndani ya logi utapata jibu pia, tena chanya. Ndiyo hatari yake.)

Ziada hiyo ni kumbukumbu ya kazi ambayo haikufanyika. Mashine kamilifu ikiwekwa kati ya maji hayo mawili ingechota kilojouli 150 hivi, na ndoo ingeishia nyuzi 34. Kazi hiyo ingeinua ndoo hiyohiyo, na lita zake 20, zaidi ya mita 700 kwenda juu. Kwa mji unaovuta maji kutoka visima vya Mzakwe, si haba.

Lakini kuilaumu ndoo ni kuionea. Mkaa ulioiva una kelvini kama 1,000. Ukizichemsha lita zile 5 kwa mkaa huo, entropia inaongezeka karibu 3.5, mara saba ya ile ya kuchanganya, na hapo hatujagusa joto lililopita pembeni mwa sufuria.