Analipwa mamilioni, chama cha wafanyakazi cha nini?

Ukisikia chama cha wafanyakazi unafikiria walimu, watu wa bandarini au wa viwandani. Kumbe Marekani mastaa wa besiboli nao wana chama, na wanagoma kweli kweli.

Mwaka 1966 walimchukua Marvin Miller, mchumi aliyetoka chama cha wafanyakazi wa chuma. Wakati huo kima cha chini kilikuwa dola 6,000 kwa mwaka. Tena tatizo halikuwa hela tu: mkataba ukiisha, timu iliendelea kukumiliki. Hutaki? Kaa nyumbani.

Mwaka 1968 Miller aliwapatia mkataba wa hali bora, kima kikapanda hadi dola 10,000. Desemba 1975 msuluhishi aliamua kwamba wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, wako huru kuhama. Hapo ndipo mishahara ilianza kupaa.

Sasa tofauti iko wapi?

Kiwandani chama kinapigania viwango: kazi moja, mshahara mmoja, na mkongwe anapanda ngazi. Kwenye michezo chama kinaweka kima cha chini na sheria za usajili, basi. Zaidi ya hapo kila mtu na wakala wake. Mmoja anaweza kulipwa mara 40 ya mwenzake, na wote ni wanachama wa chama kimoja. Inashangaza kidogo, lakini dau la staa likipanda, wa kawaida naye anapata pa kuanzia anapodai chake.

Halafu kuna muda. Fundi wa kiwandani anaweza kufanya kazi miaka 30. Mchezaji wengi wao hawafikishi hata 10, hivyo mgomo wa msimu mmoja unamla vibaya. Hata hivyo Agosti 1994 waligoma, fainali za World Series zikafutwa, na mgomo ukadumu siku 232.

Waliosahaulika ni vijana wa ligi za chini. Wao waliingia kwenye chama 2022 tu. Mkataba wao wa kwanza, wa 2023, ulipandisha malipo ya daraja la Single-A kutoka dola 11,000 hadi 26,200 kwa mwaka. Kwa wengi wao hakuna cha wakala kuvutana na timu kuhusu mshahara: malipo hufuata daraja, karibu kama kiwandani.